Injini ya Mkunga

Mke wangu alikuwa mkunga, mimi ni fundi saa, na kwa miaka ishirini na sita tuligombana juu ya gari moja. Akishika usukani, hata kuku wa jirani walijua pa kukimbilia.

"Haraka haraka haina baraka," nilikuwa namwambia, nimeng'ang'ania mlango. "Unaiua injini, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," ananijibu, "na kazi yangu mimi ni matumbo." Hapo anakanyaga mafuta mpaka chini.

Akatangulia yeye, injini ikabaki. Moyo, si ajali. Nasema mapema kwa sababu watu hawana haya ya kuuliza. Ni miaka miwili sasa. Binti yetu anaishi mbali, na kila Jumapili hupiga simu: "Baba, si uliuze hilo gari?" Namuuliza kama wajukuu wamekula. Nitamwambia nini? Nguo za mama yake tulizigawa, kitanda kimekuwa kikubwa kuliko chumba. Ndani ya gari ndimo alimobaki: kibanio cha nywele, pakiti ya glavu, na kiti alichokisogeza mbele kwa ule ufupi wake. Sikukigusa. Niliendesha magoti yamefika kwenye usukani, nimejikunja kama panzi.

Niliapa gari hilo halitafia mikononi mwangu. Ukitaka saa idumu, usiilazimishe. Hilo ndilo nililojua, nikalihamishia kwenye gari. Kila asubuhi naliwasha uani, linanguruma robo saa, nalizima. Ijumaa nalipeleka sokoni na kulirudisha, gia ya pili, taratibu, waendesha baiskeli wananipita na kunipungia. Ile robo saa ya asubuhi ndiyo ilikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Baada yake ni mimi na redio.

Mwezi uliopita likaanza kukohoa. Wiki iliyofuata likashindwa kupanda kilima cha hospitali, kilima ambacho mke wangu alikuwa akikipanda huku anachana nywele. Niliogopa kweli. Nikalifikisha likisukumwa hadi gereji ya mama mmoja tunayemwita Spana, fundi ambaye ndiye anayelitengeneza tangu enzi za marehemu.

Nilipolirudia siku ya tatu, alinionyesha plagi nne za injini mezani. Zilikuwa nyeusi tii.

"Nani amekuwa akiliendesha hili?"

"Mimi. Kwa uangalifu sana."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, mzee wangu. Linawashwa, halipati moto sawasawa, linazimwa. Masizi yamejaa hadi koo."

"Na yeye je? Alivyokuwa akilikimbiza vile?"

Spana akacheka kidogo, kisha akaacha. "Marehemu alinimalizia breki na matairi, sikufichi. Lakini alikuwa analiacha lipate moto kwanza, ndipo analikanyaga. Na oili hakuchelewesha hata siku moja. Injini yake ilikuwa safi. Ukitaka ipone, toka nalo barabara kuu, likishapata moto ulikanyage kama yeye. Ukiendelea kulibembeleza, utalizika."

Nilifungua mlango, nikaketi, na miguu yangu ikanyooka.

"Kiti umekifanya nini?"

"Nilikirudisha nyuma nilipokuwa nalijaribu. Nilikuwa sipumui mle."

Nilitaka kumfokea. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mama wa watu angejuaje? Nikamshukuru, nikaondoka.

Barabara kuu ilikuwa wazi. Nilisubiri mshale wa joto upande, nikakanyaga. Kwa magoti yale ya panzi nisingeweza. Sasa mguu ulifika chini. Moshi mweusi ulitoka nyuma hadi nikaona aibu, kisha ukapungua, kisha ukakoma. Kilima cha hospitali nilikipanda kwa gia ya tatu, na injini ikaimba ule wimbo niliokuwa nikiulalamikia kila siku. Nilijikuta mkono mmoja umeng'ang'ania mlango. Kiti cha pembeni, nilichokuwa nakalia mimi, kilikuwa kitupu, na nililia bila kupunguza mwendo.

Nyumbani nikajaribu kukirudisha kiti chake mbele, pale alipokiacha. Reli yake ina meno kumi na moja. Nimehesabu meno ya magurudumu ya saa tangu ujana wangu, na yale ya kiti cha mke wangu sikuwahi kuyahesabu. Nilijaribu jino la pili, la tatu, la nne, kila mara nakaa na kupima kwa magoti. Yote yalifanana; jino lake sikulijua.

"Ulikuwa sahihi, mama," nikasema kwa sauti. Miaka ishirini na sita alikuwa akilisubiri neno hilo, amekaa palepale.