Kitanda cha Kiroboto

Tangu alfajiri fundi makochi hakukalika. Alifagia chumba, akakifagia tena, akatandika shuka, akaitandua, akaitandika upya. Leo binti yake, aliyempa jina la utani Kiroboto, analala kwake kwa mara ya kwanza tangu yeye na mama mtoto waachane! Hakimu alisema mtoto aishi kwa mama, na mwisho wa wiki alale kwa baba, mradi mtoto mwenyewe aridhie. Jioni mama angepiga simu. Mtoto akitaka kurudi, angefuatwa, na fundi angebaki baba wa kupungiwa mkono getini.

Lakini alikuwa na silaha: kitanda alichokiunda mwenyewe, upande wa kichwani kimejazwa sponji na kuvalishwa kitambaa cha rangi ya machungwa kilichobaki kwenye kochi la mteja mmoja mwenye maringo. Vipimo? Vipimo gani! Fundi mzima ampime mwanawe kwa futi? Alimkadiria kwa macho tu.

Mlango ukagongwa, akakimbilia kufungua.

"Hajala, kiherehere kimemjaa," mama mtoto alisema, akakabidhi begi na kugeuka.

"Shikamoo baba!" Kiroboto akaingia mbio, akajitupa kitandani. Miguu ikatokeza nje, hewani. "Baba! Hiki cha mdoli?"

Fundi akaitazama ile miguu. Kumbe alimkadiria yule mtoto aliyeondoka, na huyu aliyekuja alikuwa amerefuka. Aibu ilimpata, na uchungu zaidi ya aibu.

"Nilikupima kwa kukukumbuka, mama," alisema. "Nisamehe."

Kiroboto akachezesha vidole vya miguu. "Si tukiongeze? Wewe si fundi?"

Wacha kazi ianze! Mbao zikashushwa, msumeno ukalia, sponji ikawajaa kwenye nywele. Kiroboto alishika kikombe cha misumari kama mtunza hazina.

"Vuta kitambaa! Usikionee huruma!"

"Navuta baba, we gonga!"

Jirani wa juu akapiga sakafu kwa kisigino. "Mnabomoa nyumba huko?"

"Tunajenga!" wakajibu kwa pamoja, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita. Nyundo ya fundi ikaganda hewani. Kiroboto, mikono imejaa, akaibonyeza kwa kiwiko, na sauti ya mama ikajaa chumbani.

"Mwanangu, nije nikuchukue?"

Fundi alitazama sakafu.

"Usije, mama. Kwetu huku kazi haijaisha."

Mama akakubali: "Haya. Ule basi, halafu ulale mapema."

Fundi hakusikia hayo ya kula na kulala. Mahakamani walisema kwa baba, yeye mwenyewe alizoea kusema kwa baba. Kwetu! Furaha ikampanda, akashusha nyundo kwa nguvu zote juu ya kidole gumba chake mwenyewe, akapiga yowe, na huku anapiga yowe anacheka.