Magome ya Wamaza

Profesa Grégoire ametajwa katika makala za wasomi wa Brazili, India na kwingineko ambako hawajui Kasongo iko upande gani wa mto. Kila anayeandika juu ya dawa ile ya magome lazima amtaje. Wasomi hupimana hivyo: anayetajwa sana ndiye mkubwa. Mimi siwabishii, ila ningeomba siku moja wamuulize Cécilia.

Cécilia anafundisha kemia katika chuo kimoja pale Kasongo. Kwao ni Wamaza, ambako mtu akishikwa na homa huchemshiwa magome ya mti fulani mchungu kama nyongo. Yeye ndiye aliyejiuliza ule uchungu una nini ndani. Alipanda pikipiki kwenye barabara ile mbovu ya Kabambare, akarudi na gunia la magome, akaloweka, akachuja, akakausha, na kila umeme ulipokatika akaanza upya. Mwishowe zikabaki chembe nyeupe chini ya chupa, naye akacheka peke yake kama mwehu.

Mashine ya kusoma umbo la chembe zile haikuwapo Kasongo. Akampelekea Profesa Grégoire, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha mbali. Huyo ndiye aliyemlipia shule. Mzee akazipitisha kwa rafiki zake wa Ulaya, majibu yakaja, na Cécilia akaandika makala yote, mwanzo hadi mwisho. Pale juu, panapokaa majina ya waandishi, akaacha wazi, akamtumia mzee aipeleke kuchapishwa. Kwao, ukienda ugenini na mkubwa wako hujitaji. Unakaa kimya mpaka yeye aseme amekuja na nani. Kujiandika mbele ya baba mkubwa kungekuwa utovu wa adabu.

Makala ikatoka na jina la mzee, na la mwanawe Hervé, ambaye kemia aliikimbia tangu sekondari. La Cécilia halikuwamo.

Alimfuata mzee Kabambare, alikokuja kupumzika. Alimkuta anakula, akangoja amalize, maana hasira haiondoi malezi. Kisha akamweleza kwamba alikuwa akitafuta nafasi ya kusomea shahada ya udaktari wa kemia, na bila makala yenye jina lake hakuna atakayempokea.

"Sasa unalia nini?" mzee alisema. "Jina yangu si iko jina ya baba yako? Baba anaweza kumuibia mutoto wake?"

"Baba mukubwa, nilikuachia nafasi ya majina. Kazi sikukuachia."

Mzee alinawa mikono, akaagiza chai. Cécilia akarudi Kasongo na vumbi usoni na uchungu moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawakuambii ufanye nini kama nguo yenyewe ni yeye aliyekununulia.

Alirudia kazi. Safari hii aliloweka magome katika alkoli badala ya maji, akapata chembe nyingine, zenye nguvu kuliko zile za kwanza. Akaandika makala mpya na jina lake mwenyewe juu, na hakumtaja mzee hata kwa mstari mmoja. Alijua anafanya nini. Wahariri wakamjibu kwamba kazi ni nzuri sana, ila amemruka mwanzilishi. Amtaje Profesa Grégoire kuwa ndiye aliyegundua, la sivyo makala haitatoka. Na nafasi ya udaktari ilikuwa karibu kufungwa.

Alikaa mbele ya kompyuta akivichukia vidole vyake. Halafu akaandika kwamba dawa ya magome yale iligunduliwa na Profesa Grégoire.

Makala ikatoka, nafasi akaipata. Simu ililia akiwa maabara anaosha chupa. Aliyepiga alikuwa mzee, na furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nimeona umenitaja," alisema. "Kulikuwa watu wenye walisema kama ile kazi iko ya kwako. Sasa umeandika weye mwenyewe, watanyamaza. Asante, mutoto wangu."

Cécilia alijibu asante, baba mukubwa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kisha akaketi sakafuni kati ya chupa zake, akalia.