Treni Iliyobeba Jibu la Purity

Purity alikataa kupeleka jibu lake kwa mkono.

"Hawe, uliniahidi," akaniambia. Hawe ndiye bibi kwetu sisi Wagiriama. "Uliniahidi nina meno ya utoto bado, kwamba siku nitakayochumbiwa jibu langu litapelekwa na treni."

Na kweli nilimwahidi. Mtoto utamwahidi mengi ukimbembeleza ale, hujui kwamba anayaweka.

Treni yenyewe ukiitazama mara moja utasema ni ya kuchezea, lakini mimi sikubali iitwe hivyo. Ni mfano wa treni ya mbio ya Wajapani, ile ya mwanzo kabisa, nyeupe yenye mshipi wa buluu, pua yake mviringo kama kitale cha nazi. Kaka yangu Mangi alikuwa baharia. Meli yao ilipotia nanga huko akaipanda ile kubwa, akashuka, akaingia dukani moja kwa moja akanunua mfano wake. Una mabehewa matatu, kila moja lina urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni. Ile kubwa imeshazeeka, imewekwa makumbusho watu waitazame. Hii yangu ingali kazini hapa Magarini. Reli yake imepigiliwa juu ya mbao, yatoka chini ya mlango wa nyuma wa nyumba yangu, yapita banda la makuti upande hadi upande.

Mangi alinifundisha kuitunza kabla hajafariki. Umeme hutoka kwenye kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, hupita relini, huingia kwenye magurudumu, ndipo mashine iamke. Basi reli chafu ni safari hakuna. Na hewa yetu hii ya chumvi haina adabu, ukizembea kidogo reli zishaota kutu. Mimi huchukua kipande cha kanga kuukuu, nikakitia spiriti, nikafuta reli taratibu kama mtu anayemfuta mtoto pua. Nyuzi na nywele zikijisokota kwenye magurudumu nazitoa kwa sindano. Mafuta ni tone la mafuta ya cherehani, nalo laingia kwenye meno ya mashine peke yake, si kwingine. Sisimizi nao kila masika hutaka kuhamia behewa la mwisho, nami huwaambia hilo lina mwenyewe.

Mwenyewe ni Purity. Mama yake, binti yangu Caroline, alipokwenda kufanya kazi Uarabuni, mtoto aligoma kula. Uji alikataa, samaki alikataa. Siku moja nikalivua paa behewa la mwisho, nikatia njugu, nikazungusha kitufe. Treni ikaenda mpaka pale alipokaa kanuna, ikasimama mbele ya miguu yake. Akaitazama. Akachukua njugu moja. Kesho yake nikamkuta ameketi relini kabla sijaamka vizuri, angoja treni. Tangu hapo akala, na mimi nikaanza kutoa ahadi.

Sasa kapata mtu wake, Oliver, fundi wa mafriji mjini Malindi. Kijana mwenyewe mpole, kwao Nyahururu, na habari ya treni na njugu zake Purity alishamsimulia. Kwetu msichana huulizwa mbele ya wazee wa pande zote mbili kama amemkubali mtu wake. Akikubali huonja kinywaji, kisha kikombe chaenda kwa kijana akimalize. Zamani kilikuwa kikombe cha pombe ya mnazi. Wakwe zetu ni watu wa kanisa, mnazi hawataki hata harufu, basi tukaafikiana maji ya dafu ndani ya finjani ya kahawa. Finjani hukaa barabara katika behewa la mwisho likivuliwa paa.

Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu Mwaringa, ndugu wa marehemu mume wangu. Nilipomweleza habari ya treni alijikuna kidevu.

"Jibu la mtu kuletwa na mashine?"

"Atakayelitia ni yeye mwenyewe, shemeji. Mashine yabeba tu."

"Haya. Lakini nasema mapema, mbele ya watu. Ikifika, jibu limefika. Ikikwama njiani, jibu limekwama, na wageni watarudi kwao waje siku nyingine. Sitaki kesho mtu aseme ndoa hii ilisukumwa kwa kidole."

Nikakubali, kwa sababu angeweza kukataa kabisa. Lakini hiyo "siku nyingine" ilikuwa nyepesi mdomoni mwake tu. Oliver alilelewa na bibi yake, Waruguru, na alikuwa ameapa haposi bila yeye kuwapo. Na Waruguru aliposhuka garini, mjukuu kamshika huku na binti yake kamshika huku, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Mimi nimekuja hii mara moja. Hizi magoti zangu hazirudi tena."

Basi ilikuwa ni leo au haipo.

Wageni wakala wali na kuku wa nazi, wakashiba. Mwaringa akasimama, akasema maneno yake marefu, kisha akageukia mlango. Purity alikuwa ndani, nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, kwa maana msichana hatoki mpaka jibu lake lipokewe. Pua ya treni ilichungulia chini ya kanga.

"Purity, watu hawa twawajua?"

"Twawajua, babu."

"Tunywe chao, tusinywe?"

Tukasikia akionja, kisha finjani ikagonga behewa. "Tayari, hawe!"

Nikazungusha kitufe. Mashine ikanguruma vizuri. Magurudumu yakazunguka, yakazunguka, na treni isiende popote. Nikaongeza. Yakazunguka zaidi, yakitoa sauti kama mtu afyonzaye embe. Kisha taa za mbele zikafifia, zikazimika.

"Limefika?" Purity akauliza toka ndani.

Wageni wakanigeukia mimi.

Niliinama nikagusa reli. Kidole kikateleza. Nikakinusa. Mafuta ya nazi! Nikainua macho, na wifi yangu Jumwa akayainamisha yake.

"Wifi, ni wewe?"

"Ni mimi," akasema. "Alfajiri. Nilimpaka Purity, nikaona na treni iko kavu. Kitu cha harusi hakiendi kikavu, wifi. Nikaipaka. Na njia yake pia."

"Yote?"

"Yote. Na magurudumu. Nilitumia chupa nzima, sikubana."

Watoto wakacheka, na mimi nikataka kucheka, lakini Mwaringa alikuwa ameshakohoa kile kikohozi chake.

"Wageni wetu, mmeona wenyewe. Jibu limekwama."

Uso wa Oliver ukabadilika rangi. Waruguru akashika magoti yake yote mawili, akamwangalia mjukuu wake.

Mimi huwa sina haraka. Nikakaa kitako kwenye mkeka kwanza.

"Shemeji, wewe ulisema ikikwama njiani."

"Nilisema."

"Haya, njia iko wapi? Treni ingali stesheni. Imezungusha magurudumu, haijaondoka."

"Shemeji, usinichezee."

Purity akadakia toka nyuma ya kanga, "Babu Mwaringa, behewa la mwisho liko hapa mguuni kwangu. Halijasogea hata upana wa kucha!"

"Gari haiwezi kukwama kabla haijaondoka," Waruguru naye akasema. "Hata huko kwetu si hivyo."

Wanawake wakaitikia. Mwaringa akainama akatazama chini ya kanga, akainuka, akatazama watu. Ni mtu mgumu, lakini ni wa haki.

"Nawapa muda wa chai," akasema. "Hilo birika likiisha, nafunga."

Nikakimbilia chupa yangu ya spiriti rafuni, nikakumbuka jana nililitumia tone la mwisho. Duka lenye spiriti liko mbali. Nikasema kwa sauti, kama mtu aongeaye peke yake, "Sasa spiriti nitaitoa wapi mimi?"

"Ya kufanya nini?" Waruguru akauliza.

"Ya kutoa mafuta, mkwe wangu. Maji hayayatoi."

Akavuta mkoba wake, akatoa soksi, akatoa biskuti, akatoa Biblia, na chini kabisa akatoa chupa kubwa ya spiriti. "Ya magoti. Nikipaka naweza kulala." Akaitikisa. "Imejaa. Leta hiyo gari hapa kwa mapaja yangu."

Hatukupoteza wakati tena. Mimi nikafuta reli kwa kanga kavu kwanza, kisha kwa spiriti, nikirudi kinyumenyume. Yeye akapakata behewa la mbele kama mtoto, akafuta gurudumu moja moja.

"Polepole, mkwe, hapo kuna waya."

"Mimi nimekamua ng'ombe miaka yangu yote. Unafikiri sijui kuosha kitu kidogo bila kukiumiza? Hii ni kama chuchu tu."

"Usiikamue basi!"

Alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Oliver akajaribu kuinuka. "Hawe, nisaidie? Mimi fundi."

"Wewe kaa!" Mwaringa, Waruguru na mimi tukasema kwa pamoja, akakaa.

Upande wa birika, Jumwa alikuwa akimimina chai mwenyewe, vikombe nusu nusu. Nilimwona akiingia jikoni na birika akitoka nalo, na kila akitoka lilikuwa zito kuliko lilipoingia. Mwaringa akanywa, akatazama ndani ya kikombe.

"Jumwa, chai hii mbona yapauka?"

"Ni macho yako, kaka. Nikuongeze?"

Alikuwa anakunywa maji ya moto yenye sukari, maskini, na kwa kuwa ametoa neno lake mbele ya watu akaendelea kunywa.

"Limefika?" Purity aliuliza tena.

"Litaondoka kwanza, mwanangu!"

Tukairudisha relini, behewa kwa behewa. Waruguru akasogezewa kiti mwisho kabisa wa reli apate kuona. Oliver alikuwa katikati, mkekani. Finjani ikarudishwa mahali pake. Nikashika kitufe.

Nikazungusha kama nilivyozoea. Lakini treni ile haikuwahi kuoshwa hivyo, si na mimi, si na Mangi. Ilitoka chini ya kanga kama iliyofukuzwa. Watoto wakapiga kelele. Ikapita wazee, ikapita birika, Oliver kanyosha mikono, ikampita! Nikakata umeme, ikateleza bado kwa raha zake, ikaenda ikagusa ndara za Waruguru, ikasimama.

Dafu lilimwagika kidogo tu.

"Imempita bwana harusi!" Mwaringa akasema, kikombe mkononi.

"Haijampita," Waruguru akasema. "Imekuja kumshukuru aliyeiosha." Akainua finjani, akaonja, akafumba macho. Kisha akampa Oliver. "Maliza haraka, kijana, kabla hawajabadilisha sheria."

Oliver akamaliza kwa pumzi moja. Macho yote yakamwendea Mwaringa. Akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

"Jibu limefika," akasema. "Na chai nimekoma."

Vigelegele vile, hata majirani walikuja kuuliza. Jumwa alipiga zaidi ya wote, na hakuna aliyemkataza. Waruguru hakungoja vitulie.

"Sasa inarudi aje? Nionyeshe hicho kitufe."

Nikampelekea kisanduku, nikamwekea kidole mahali pa kurudisha nyuma. Oliver akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akamwaga kitu ndani ya finjani kwa kujificha, akairudisha behewani. Waruguru akazungusha polepole, ulimi nje kama mtoto wa shule, na treni ikarudi kinyumenyume kwa adabu yote mpaka behewa la mwisho likapotea chini ya kanga.

Tukasikia Purity akicheka ndani, kicheko kile kile cha zamani.

"Hawe! Ni njugu! Lakini mbona tano tu?"

"Nilikuwa na njaa njiani, nikazila zingine!" Oliver akamjibu.