Fimbo ya Inoksi

Cirhuza, mhunzi, alikuwa amejigamba mbele ya mtaa mzima wa Cimpunda kwamba hakuna chuma kitakachomshinda. Sasa Camille, kapita anayesimamia kazi kwenye kiwanda cha maziwa upande wa Nyantende, alikuwa amesimama mlangoni mwake na ile fimbo ya inoksi, chuma kisichopaswa kushika kutu, ya kukorogea maziwa ambayo Cirhuza aliinyoosha wiki tatu nyuma. Ilikuwa imeshika kutu pale pale ilipopita motoni.

"Fundi, inoksi yako iko na upele," Camille alisema. "Patron wa kiwanda anataka unyooshe fimbo kumi zingine. Kama huwezi, kazi inaenda garage ya mujini. Uko na siku kumi."

"Labda ni inoksi ya uongo."

"Imetoka Ubelgiji. Patron anasema badala ya nikeli mingi walitia azote, hii hewa tunavuta."

"Kumbe nilikuwa nafua hewa."

Camille alicheka, akaiacha fimbo, akaenda zake.

Cirhuza hakucheka. Fimbo ile aliipoza alivyofundishwa na baba yake, muzee Philémon: chuma kikishanyooshwa hulazwa kwenye majivu ya moto, kipoe taratibu kama mgonjwa anayepata nafuu. Ukikizamisha majini kingali chekundu, kinakuwa kigumu na kuvunjika.

Lakini siku ile ya kuinyoosha alikuwa amekata ncha ya fimbo ingali inawaka, nayo ikaangukia kwenye pipa la maji. Sasa akaingiza mkono ndani ya pipa, akapapasa, akaitoa. Kisha akakata kipande kwenye sehemu yenye kutu, akavisugua vyote viwili kwa mchanga hadi vikang'aa, akavitumbukiza kwenye maziwa yaliyoganda yenye chumvi, aone kipi kitashika kutu.

Siku ya nne, kipande kilichopozwa kwenye majivu kilikuwa chekundu kwa kutu. Cha maji kilimeta kama jino.

"Papa, hii chuma haitaki kubembelezwa," alisema. "Ikipoa polepole, ile dawa yake ya kuzuia kutu inapata nafasi ya kuhama."

"Na ukiizamisha, itavunjika kama chungu," Philémon alijibu. "Utavunja kitu cha watu, na jina langu ndani yake."

Cirhuza akavuta mvukuto mpaka fimbo nzima ikawa rangi ya chungwa, ikielekea njano. Akaizamisha. Maji yalinguruma, mvuke ukamfukuza muzee hadi mlangoni. Ilipopoa, Cirhuza akaibana ncha yake kwenye jiliwa, akaipiga nyundo. Ikapinda kama kulabu. Haikuvunjika.

Philémon aliishika, akaipinda, akainyoosha.

Fimbo ikalala siku tano kwenye maziwa yale yale. Camille aliporudi, aliivuta mwenyewe kwenye ndoo, akaifuta kwa shati, akaitazama juani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Aliyekufundisha ni nani?"

Cirhuza alifungua kinywa ajigambe. Akamwona baba yake anamtazama.

"Tulifundishana," alisema.

"Basi mukuje wote wawili," Camille alisema. "Zile kumi ziko kwenye kamiyo, imesimama barabarani, na ni nzito."