Bikoni ya Kuanikia Nguo

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mvuta mnyororo wa mpimaji ardhi, na kwa miaka hiyohiyo nilikuwa mwongo wa mtaa. Kazi ya kwanza niliajiriwa, ya pili nilijitolea.

Uongo wangu uliotembea mbali kuliko mwingine wowote ni ule wa chatu. Kwamba siku moja porini chatu aliumeza mnyororo wetu wote, na bosi wangu, ambaye hakubali kazi ilale, akamnyoosha chatu mwenyewe tukapimia naye shamba. "Na kila kona," huwa namalizia, "tulisubiri atoe pumzi, maana akivuta anaongezeka sentimita mbili."

Bosi huyo tulimwita Mzee Nukta, kwa jinsi alivyogombana na watu juu ya tarakimu zinazokuja baada ya nukta. Alikuwa na leseni, muhuri wenye namba yake, na woga. Huo woga ndio ninaotaka muukumbuke. Akikosea mpaka wa mtu, bodi ingemnyang'anya leseni, basi, maisha yamekwisha. Kwa hiyo tukikuta bikoni, lile jiwe la zege lenye chuma katikati linaloonyesha kona ya kiwanja, hakuliamini. Lazima tutafute nyingine mbili, tupime kutoka hii hadi ile, zikubaliane zenyewe kwa zenyewe. Ndipo kazi inaanza. Nimefyeka vichaka nusu siku nzima natafuta bikoni ya tatu, na ya kwanza iko pale inanitazama.

Ukaja muswada wa kufuta leseni. Watu wakaitwa ukumbini kutoa maoni. Afisa aliyetumwa alivaa koti zuri na aliongea vizuri: wapimaji wenye leseni ni wachache, mwananchi anangoja mwaka mzima, na siku hizi kifaa cha mkononi kinasoma satelaiti. Kila mtu apime, mteja achague. Sitasema yote yalikuwa upuuzi. Hilo la kungoja mwaka lilikuwa kweli tupu.

Mzee Nukta alinivuta pembeni. "Wewe waeleze zile bikoni tatu. Hizo tu. Uongo leo uache nyumbani."

"Bosi, mimi tena?"

"Ndiyo, wewe. Ndiyo maana nakuomba."

Nikapanda jukwaani. Ukumbi umejaa, watu wamechoka, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Babu, tupe chatu!" Jamani, mimi ni binadamu. Niliwapa chatu, na mkia wake, na pumzi zake. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nilipotaka kugeukia bikoni, afisa alikuwa ameshachukua kipaza sauti, anajifuta machozi ya kicheko. "Mnaona wenyewe. Hii ndiyo taaluma tunayoambiwa tuilinde."

Mzee Nukta alirudi nyumbani peke yake. Leseni zikafutwa, bodi ikavunjwa, muhuri wake ukabaki kibao cha mbao.

Sasa nije kwa mdogo wangu wa kike. Ni mjane, ana nyumba ya vyumba vitatu: kimoja jiko, kimoja amepangisha, na cha mwisho, chumba chake cha kulala, alikijenga tofali kwa tofali kwa miaka sita. Zamani, alipohamia tu, aliniomba mahali pa kufungia kamba ya nguo. Nilikuwa na saruji iliyobaki kazini na kipande cha nondo. Nikachimba, nikamwaga zege, nikasimamisha nondo, na kwa vile akili yangu haitulii, nikachora na namba kwenye zege bichi, kama za serikali.

"Hongera," nikamwambia, "una bikoni ya kuanikia nguo."

"Kaka, utakuja kufungwa wewe," akasema, akacheka, akaanika shuka.

Mwaka jana jirani yake, muuza mabati, alitaka kujenga ghala. Akamleta kijana tuliyemjua kama Fundi Simu, maana kabla ya sheria mpya alikuwa anatengeneza simu. Alikuwa na adabu zake, shikamoo juu ya shikamoo. Mimi nilikuwa uani kwa mdogo wangu, nakunywa chai. Fundi Simu akazungukazunguka, akaiona nondo yangu, akapangusa namba kwa kidole, akaweka kifaa chake juu yake.

Nilijifinya nisicheke. Nikajisemea, ngoja. Akienda kuilinganisha na ya pili ataona haikubali, ataumbuka, na mimi nitapata hadithi ya mwaka mzima.

Hakwenda kwenye ya pili. Mimi sikuwahi kuona mtu akipima kutoka bikoni moja, kwa hiyo nilikaa nikimngoja afanye ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikunja vifaa, akasema, "Tayari, mzee," akaondoka. Nikadhani atarudi kesho.

Kilichorudi ni ramani. Mpaka ulikuwa umeingia hatua nne ndani ya kiwanja cha mdogo wangu, ukapita katikati ya kitanda chake. Bikoni halisi, siku tunaitafuta, ilikuwa imeshachimbuliwa na vibarua wa msingi wa ghala na kupakiwa kwenye lori la kifusi.

Kwenye baraza la ardhi Mzee Nukta alikuja na daftari lake la zamani na ramani aliyoichora kwa hesabu kutoka bikoni mbili za mbali. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. "Mzee wangu, nina ramani mbili za wapimaji wawili, na sheria inasema wote ni sawa. Lakini ya kijana ina bikoni inayoonekana, na ina namba."

Nikasimama. "Mheshimiwa, ile niliisimika mimi. Ya kamba ya nguo. Namba niliandika kwa msumari."

Akanitazama, uso ukaanza kumchangamka. "Samahani, baba. Si wewe wa chatu?"

Baraza zima likacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Chumba kilivunjwa Jumanne asubuhi. Fundi Simu alikuja, akasimama nami kwenye vumbi.

"Mzee, ulisema kweli?"

"Kweli."

"Na siku ile ulikuwepo. Mbona hukuniambia?"

Niliinama nikaokota tofali lililobaki zima, nikaliweka pembeni.

Mdogo wangu sasa analala jikoni, godoro limesimamishwa ukutani mchana. Juzi aliniambia bila kuniangalia, "Kaka, kaking'oe kile chuma. Sitaki kukiona."

Nilikwenda na mtaimbo. Muuza mabati akatoka ghalani taratibu, wala hakuwa na hasira. "Shemeji, acha. Hiyo ni bikoni iliyotambuliwa na baraza. Kuing'oa ni jela."

Ni kweli. Sheria yote walifuta, kifungu hicho walikiacha. Lakini nilikuwa nimeshapiga mara tatu kabla hajatoka, na haikutikisika hata kidogo. Nilikoroga zege lile kwa mikono yangu, kokoto safi, maji ya kipimo. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.