Chai ya Kando ya Ziwa

Mama Alima alikubali kwenda kutembea ziwani ili mumewe anyamaze, basi. Mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa. Kesho asubuhi angepanda bato, meli ya ziwani, kwenda Bukavu kwa binti yao, Alima, na hakuwa na mpango wa kurudi. Volkano ilimkimbiza hadi Sake na sufuria kichwani. Mwaka uliofuata waasi wakachukua Kiwanja, barabara ikafungwa, na sasa mizinga ilisikika hadi kwao Munigi, kando ya Goma. Mwili ulichoka, roho ndiyo usiseme. Mumewe, Papa Alima, yeye hakutaka kusikia habari ya kuhama.

“Siku moja tu, mama,” alimbembeleza. “Uone ziwa, upumzike. Kisha ukitaka kuenda, uende.”

Ziwa lilikuwa zuri kweli, nani abishe? Vijana walijirusha majini kutoka kwenye mawe meusi, wakipiga kelele utadhani hakuna vita popote. Mama Alima aliwatazama na hakusikia chochote moyoni. Jambo hilo lilimuumiza kuliko mizinga. Akaketi juu ya jiwe, akavua viatu.

Papa Alima alitafuta kivuli. Akaona kibonde kati ya mawe, kina majani laini, hakuna upepo. Akashuka na mbabula, lile jiko lao dogo, na birika na makaa.

“Kuya huku! Huku ni kama salon!”

“Niache kwanza nipumue.”

Alimsikia akiwasha kiberiti, kikazima. Cha pili, kikazima. “Makaa imelowana! Yule mama wa soko amenidanganya!” Akachuchumaa, akainama, akapuliza huku akikohoa.

Mama Alima akageuka kumcheka. Ndipo alipoona panzi kwenye majani, wamelala chali, wote. Uchovu ukamruka.

“Simama! Papa Alima, simama! Ni mazuku!”

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kujaa mabondeni. Huioni. Inazima moto kwanza, halafu mtu. Mtoto wa Munigi anaijua kabla hajajua kusoma. Lakini Papa Alima alizaliwa Kindu, na miaka yote alidhani ni maneno ya kutishia watoto. Alicheka, akataka kuinuka, magoti yakakataa.

Mama Alima alibana pumzi, akashuka mbio miguu mitupu, akamkamata ukosi wa shati na kumburuta kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

Huko juu mzee alitapika, akahema, akahema tena. Rangi ilipomrudia akatabasamu kwa haya.

“Nilizani ni makaa ndiyo mubaya.”

Mama Alima akampiga begani. Akampiga tena, machozi yakimtoka.

“Miaka yote hii uko Goma, unaenda kuwasha moto ndani ya shimo! Kesho ningekuwa ndani ya bato. Nani angekuambia simama?”

“Pole, mama. Uende tu. Nitajifunza.”

“Utajifunza wapi, kaburini?”

Alitamani sana kulala mahali pasipo na mizinga, na mtu huyu, kichwa kigumu, amelowa matapishi, alikuwa amemfungia njia. Angemwachaje? Alijifuta uso kwa kitenge, akamtupia simu mapajani.

“Mupigie Alima,” alisema. “Umwambie mama yake hatakuya. Mimi siwezi, nitalia.”