Robo ya Kidonge

Mumewe alipomwomba amkatie vidonge robo robo, machale yalimcheza fundi cherehani.

"Wewe mkono wako hautikisiki, mke wangu," alimwambia. "Ni vitamini tu."

Vitamini gani hizo zinazofichwa ndani ya soksi? Hata hivyo alikata, kwa wembe wake wa kufumulia nyuzi, kila Jumapili kwa wiki tano, na unga mweupe akaufuta kwa vidole.

Tena siku hizi bwana halali bila kofia. Akiulizwa anaumwa nini, anacheka na kubadilisha mazungumzo. Fundi akapitia kichwani magonjwa yote anayoyajua, na nyuma ya kila ugonjwa alimwona mwanamke mwingine. Aliogopa kuambukizwa, kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi mitatu ambayo hajamwambia mtu. Mbili za mwanzo ziliharibika mara tu baada ya kutangazwa. Hii aliapa kuinyamazia mpaka tumbo liseme lenyewe.

Jumatatu akalichomoa kasha la vidonge kwenye soksi, guu mosi guu pili hadi duka la dawa.

"Hii ni ya nywele, dada," mfamasia alisema. "Wanaandikiwa wanaume wanaoota upara."

Fundi alicheka kwa sauti. Upara! Wiki tano roho juu, kumbe upara!

Mfamasia aliviona vipande ndani ya kasha. "Nani anavikata?"

"Mimi."

Mfamasia hakucheka. "Una mimba?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Unga wake mjamzito haugusi. Unaweza kupenya kwenye ngozi, na mtoto akiwa wa kiume ukaathiri maumbile yake. Si lazima iwe hivyo, lakini nenda kliniki leo hii, ukawaeleze."

Alipitia nyumbani kwanza, amefura. Mumewe alikuwa mezani, na kofia yake.

"Unameza dawa bila kumuuliza daktari lolote!" Fundi alilitupa kasha mbele yake.

Mume akavua kofia taratibu. Utosi uling'aa, na macho yake yalijaa aibu.

"Wewe nilikuficha, kweli. Lakini daktari tuliulizana yote. Ini, presha, mpaka huo unga. Akaniuliza kama mke wangu ana mimba. Nikamwambia, angekuwa nayo, mimi ningekuwa wa kwanza kujua."

Fundi akaviangalia vidole vyake.

"Vaa kofia yako," akasema polepole. "Twende kliniki. Ni miezi mitatu."